SOMO LA 12: TUKAGUE NYUMBA ZETU KUUKUU KABLA YA MVUA

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kusoma barua, risiti na kadi ya kliniki. Leo tutajifunza kusoma kitu kingine. Tutasoma nyumba. Nyumba kuukuu haianguki bila kutoa habari. Inasema kwa nyufa, kwa vumbi la mbao na kwa mlango unaokataa kufungwa. Asiyejua kusoma habari hizo anaweza kulala chini ya ukuta ambao kesho hautakuwepo.

Kwanza soma habari hii.

BIBI NA UFA

Katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma aliishi bibi mmoja pamoja na mjukuu wake. Nyumba yao ilikuwa tembe ya miti na udongo. Marehemu mumewe aliijenga wakati wa Operesheni Vijiji, katika miaka ya 1970. Ukuta wa chumba cha bibi ulikuwa na ufa. Kila mwaka mjukuu aliuziba kwa udongo na samadi. Kila mwaka ufa ulirudi.

Siku moja mjukuu alisema, "Bibi, ufa huu unanitia wasiwasi. Afadhali uhamie chumba kile kingine."

Bibi akajibu, "Mjukuu wangu, nyumba hii aliijenga babu yako kwa mikono yake. Imenitunza miaka yote hii. Haiwezi kuniua."

Bibi huyo alikuwa mwanakisomo. Darasani walikuwa wamejifunza kuandika tarehe. Mjukuu akamwomba afanye jambo moja tu. Achukue kaa, aweke alama mwisho wa ufa, kisha aandike tarehe kando yake. Bibi akaandika: 3 Septemba.

Tutaona baadaye yaliyotokea.

KWA NINI NYUMBA KUUKUU INA HATARI?

Nyumba haiwi mbaya kwa sababu ya miaka peke yake. Ziko nyumba za zamani zilizo imara, na ziko nyumba mpya zilizo mbovu. Lakini miaka inapopita, maadui wa nyumba hupata nafasi ya kufanya kazi. Maadui wakubwa ni watatu: maji, mchwa na uzito.

Maji hulainisha udongo. Mchwa hula nguzo kwa ndani. Uzito wa paa hukandamiza nguzo na kuta zilizokwisha dhoofika.

Usifikiri kwamba hatari hii ni ya nyumba za udongo tu. Huko Unguja, katika Mji Mkongwe, kuna jumba maarufu liitwalo Beit al-Ajaib. Lilijengwa mwaka 1883, wakati wa Sultani Barghash. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka na watu wawili wakafa. Tena, tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipiga Mkoa wa Kagera. Nyumba nyingi zilianguka, na watu zaidi ya 10 walipoteza maisha. Nyingine hazikuanguka, lakini zilibaki na nyufa. Nyumba iliyopasuka kwa tetemeko inahitaji kukaguliwa kama mgonjwa aliyetoka hospitali.

VIFAA VYA UKAGUZI

Huhitaji fedha ili kukagua nyumba yako. Tafuta vitu hivi:

1. Kamba nyembamba na jiwe dogo.
2. Kisu au msumari mrefu.
3. Kijiti cha kugongea.
4. Tochi.
5. Kaa au penseli.
6. Daftari lako la kisomo.

Fanya ukaguzi mwezi Septemba au Oktoba, wakati ardhi ni kavu. Huko Dodoma mvua huanza kwa kawaida mwishoni mwa Novemba au mwezi Desemba. Ukikagua mapema utapata nafasi ya kutengeneza. Kagua tena mara mvua zinapokwisha.

Anza chini, malizia juu. Zunguka nje kwanza, kisha ingia ndani.

1. TAZAMA CHINI YA UKUTA

Ukuta wa udongo ukiwa mkavu una nguvu. Ukilowa chini, nguvu hiyo hupotea, na mzigo wote wa juu unakaa juu ya tope.

Tazama kama sehemu ya chini ya ukuta imelika na kuwa nyembamba. Tazama kama matone ya paa yanaanguka karibu na ukuta na kuurushia maji. Tazama kama kuna unga mweupe wa chumvi. Huo ni dalili kwamba maji hupanda ndani ya ukuta. Tazama pia kama kuna shimo karibu. Watu wengi huchimba udongo wa kukandikia palepale kando ya nyumba. Mvua ikinyesha, shimo hilo linakuwa bwawa na maji yananywewa na msingi.

Dawa yake ni rahisi. Fukia shimo na ushindilie. Inua ardhi kando ya ukuta ili iteremke kwenda nje. Chimba mfereji wa maji umbali wa mita 1 au zaidi kutoka ukutani. Lakini angalia! Usichimbe chini ya ukuta wenyewe. Watu wameangukiwa na kuta kwa sababu ya kuchimba namna hiyo.

2. SOMA NYUFA

Nyufa hazilingani. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui, zilizo juu ya lipu tu, si za kutisha. Hutokana na udongo kukauka. Lakini nyufa zifuatazo ni za hatari:

(a) Ufa unaokwenda mshazari kutoka kwenye pembe ya mlango au dirisha. Mara nyingi maana yake ni kwamba msingi umezama upande mmoja.

(b) Ufa wa kusimama kwenye kona, mahali kuta mbili zinapokutana. Kuta hizo zinaachana.

(c) Ufa ulio mpana zaidi juu kuliko chini. Ukuta unaanza kulala.

(d) Ufa unaopita ndani mpaka nje, hata ukaona mwanga.

(e) Ufa wowote unaoweza kuingiza kidole.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini sisi wanakisomo tuongeze neno. Ukiziba ufa bila kujua chanzo chake, umeuficha tu. Ni kama kufunika kidonda chenye usaha kwa kitambaa safi. Kwanza jiulize: Je, ufa huu umelala, au unatembea?

Fanya hivi. Weka alama ya penseli au kaa kwenye kila mwisho wa ufa. Andika tarehe. Kisha chukua kipande chembamba cha karatasi. Kibandike ndani ya nyumba, kikipita juu ya ufa, kwa uji mzito. Tazama kila wiki. Karatasi ikichanika, au ufa ukipita alama yako, ujue ufa unatembea. Ufa uliolala unaweza kuuziba. Ufa unaotembea unataka kwanza uondoe chanzo: maji, msingi uliozama au paa zito.

3. PIMA KAMA UKUTA UMEINAMA

Mafundi hutumia timazi. Wewe tumia kamba na jiwe. Pigilia kipande cha mti juu ya ukuta, kitokeze kidogo. Funga kamba hapo na uning'inize jiwe mpaka karibu na ardhi. Subiri jiwe litulie. Pima nafasi kati ya kamba na ukuta juu, kisha pima chini. Nafasi zikilingana, ukuta umesimama wima. Zikitofautiana, ukuta umeinama.

Tuseme ukuta una unene wa sentimita 15, na tofauti ni sentimita 5. Hiyo ni theluthi moja ya unene. Usilale karibu na ukuta huo. Ukuta uliovimba katikati kama tumbo nao ni wa kuogopwa, hata kama hauna ufa.

4. CHUNGUZA NGUZO NA BORITI

Mchwa ni mjanja. Hula moyo wa mti na kuacha ganda. Kwa macho nguzo inaonekana nzima, kumbe ndani ni tupu.

Tafuta vijia vya udongo vinavyopanda juu ya nguzo na ukuta. Hizo ndizo barabara za mchwa. Gonga nguzo kwa kijiti. Mti mzima hulia kwa sauti nzito. Mti ulioliwa hulia kama debe tupu. Fukua udongo kidogo kwenye shina la nguzo, kisha choma kwa kisu. Kisu kikizama bila shida, nguzo hiyo haifai tena.

Usiing'oe nguzo mbovu kabla ya kuegemeza boriti. Weka kwanza nguzo ya muda iliyo imara, ikisimama juu ya jiwe pana au ubao. Ndipo ubadilishe ile mbovu. Fanya nguzo moja moja, na usifanye kazi hiyo peke yako.

5. TAZAMA PAA

Paa la tembe lina udongo juu. Udongo huo huzuia jua kali, lakini ni mzito. Hebu tufanye hesabu. Chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Eneo lake ni mita 12 za mraba. Kama udongo wa paa una unene wa sentimita 15, uzito wake ni zaidi ya tani 2. Sasa mvua ya milimita 50 inanyesha. Juu ya paa hilo yameanguka maji lita 600. Hata kama nusu tu imenywewa na udongo, umeongezeka mzigo wa kilo 300. Boriti ni zilezile, na mchwa wamekwisha anza kuzila.

Kuna kosa moja ambalo wengi hulifanya. Paa likivuja, wanaongeza udongo. Mwakani likivuja tena, wanaongeza tena. Baada ya miaka mingi paa linakuwa na unene maradufu. Kuongeza udongo bila kupunguza ule wa zamani ni sawa na kuziba ufa bila kujua chanzo. Ondoa kwanza udongo wa zamani kidogo kidogo, ukianzia pembeni, huku boriti zimeegemezwa. Kisha weka mpya.

Boriti ikipinda katikati kama upinde, au ikilia usiku, au vumbi na udongo vikidondoka bila upepo, watu watoke.

Nyumba nyingine za zamani, hasa za mashamba makubwa, shule na zahanati, zina paa la asbesto. Hizo ni bati ngumu za simenti, za rangi ya kijivu. Zikivunjika hutoa vumbi lisiloonekana vizuri kwa macho. Vumbi hilo likiingia mapafuni laweza kuleta saratani baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Usizikate, usizitoboe, usizichome moto. Usipande juu yake, maana huvunjika ghafla. Usiokote vipande vyake kuezekea jiko au banda la kuku. Mwulize Afisa Afya kabla ya kuziondoa.

Milango na madirisha ya majengo ya zamani huweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usiikwangue rangi hiyo ikiwa kavu, wala usiache watoto watafune magamba yake.

6. NYAYA ZA UMEME

Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi. Nyumba kuukuu ikiwekewa umeme, yahitaji uangalifu. Ukuta ukisogea, waya nao huvutwa. Panya hutafuna nyaya. Maji ya paa hushuka mpaka kwenye swichi.

Tazama kwa macho tu, usiguse. Je, kuna waya uliochubuka? Je, waya unagusa bati? Je, swichi ina alama nyeusi, inapata moto, au inatoa harufu ya kuungua? Kama ndiyo, zima swichi kuu kwa mkono mkavu na umwite fundi wa umeme aliyesajiliwa. Kama swichi kuu yenyewe imelowa, usiiguse. Wasiliana na ofisi ya umeme. Usitengeneze kwa mfuko wa nailoni. Usiweke msumari wala kipande cha waya badala ya fyuzi.

7. WADUDU KATIKA NYUFA

Katika nyufa za kuta na sakafu za udongo huweza kukaa papasi. Ni mdudu wa jamii ya kupe. Mchana hujificha. Usiku hutoka na kunyonya damu ya waliolala, kisha hurudi kwenye ufa wake. Mara nyingi aliyeumwa hajui.

Papasi huleta homa ya papasi. Mtu hupata homa kali, kichwa na viungo humuuma. Baada ya siku chache hupata nafuu. Kisha homa inarudi tena. Wengi hudhani ni malaria. Ukienda zahanati, mweleze mganga kwamba unalala katika nyumba kuukuu ya udongo. Neno hilo moja laweza kumsaidia kujua ugonjwa. Dawa yake ipo, na homa hupona. Mama mjamzito asikawie hata siku moja, kwa sababu homa hiyo ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni.

Kandika upya nyufa ndogo za ndani, shindilia sakafu, na usogeze kitanda mbali na ukuta. Usilale chini.

8. SHIMO LA CHOO CHA ZAMANI

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi walichimba vyoo vingi nchi nzima, na magonjwa yakapungua. Lakini shimo la choo halidumu milele. Miti ya sakafu yake huoza na kuliwa na mchwa kama nguzo za nyumba. Vyoo vingine viliachwa, vikafunikwa kwa miti na udongo, majani yakaota juu. Waliojua mahali pake wamekwisha kufa. Watoto wanacheza hapo hapo.

Waulize wazee wa kaya: mashimo ya zamani yako wapi? Yafukie kabisa na uyawekee alama. Sakafu ya choo ikitikisika au ikilegea, usiikanyage tena. Na mtu akitumbukia, usimfuate ndani. Hewa ya shimoni yaweza kukuua na wewe. Mrushie kamba, piga yowe, ita watu.

9. TUFANYE NINI BAADA YA KUKAGUA?

Gawa ulichoandika katika mafungu matatu.

FUNGU LA KWANZA: HAMA LEO. Ufa unaongezeka wakati mvua inanyesha. Ukuta umevimba. Boriti inalia. Mlango uliofungika vizuri jana leo umekwama. Usingoje asubuhi. Toa watu, wazee na watoto kwanza, kisha mwarifu mwenyekiti wa kitongoji. Usirudi ndani kwa ajili ya godoro au debe la mahindi. Simama mbali, angalau umbali ulio sawa na urefu wa ukuta, ili ukianguka usikufikie.

FUNGU LA PILI: TENGENEZA KABLA YA MVUA. Shimo kando ya ukuta, nguzo iliyoliwa, paa lililozidi udongo, sakafu ya choo. Kama mwenye nyumba ni mzee au mgonjwa, asiachwe peke yake. Hiyo ni kazi ya msaragambo. Watu 10 kwa siku moja wanaweza kubadilisha nguzo ambazo mtu mmoja hawezi kwa mwezi.

FUNGU LA TATU: ANGALIA KILA MWEZI. Nyufa zilizolala na kuta zilizo wima. Ziandike katika daftari.

MWISHO WA HABARI YA BIBI

Bibi aliitazama alama yake tarehe 3 Oktoba. Ufa ulikuwa umeipita kwa vidole vinne. Akaweka alama nyingine. Mwezi wa Novemba ufa ulikuwa umeipita na hiyo ya pili. Akamwita mjukuu wake.

"Mjukuu wangu," akasema, "ulipokuwa unaniambia, nilidhani ni hofu ya vijana. Sasa nimesoma mwenyewe. Ukuta unaondoka. Nisaidie kuhamisha kitanda."

Mvua zilipoanza, katika wiki ya pili, ukuta ule ulianguka usiku na paa la chumba kile likaja chini. Walipokwenda kutazama asubuhi, mahali pa kitanda palikuwa na rundo la udongo na boriti lililofika kiunoni mwa mtu. Kuku wawili walikufa. Bibi alikuwa amelala chumba cha pili.

Baadaye majirani walijenga chumba kipya kwa msaragambo. Mjukuu aliziokota boriti nzima za babu yake, akazichoma kwa kisu moja moja, na zile zilizo imara zikatumika tena.

Ndugu msomaji, hatukuambii uichukie nyumba ya wazee wako. Tunakuambia uikague. Kuiheshimu nyumba kuukuu ni kuitunza, na kuitunza ni kujua inaumwa wapi.

MASWALI

1. Taja maadui watatu wakubwa wa nyumba.
2. Kwa nini si vizuri kuchimba udongo wa kukandikia kando ya ukuta?
3. Utajuaje kama ufa umelala au unatembea?
4. Kuna kosa gani katika kuongeza udongo juu ya paa kila mwaka?
5. Paa la tembe lina eneo la mita 20 za mraba. Mvua ya milimita 30 imenyesha. Ni lita ngapi za maji zimeanguka juu ya paa hilo?
6. Bibi alisema, "Nimesoma mwenyewe." Alisoma nini?

JADILIANENI DARASANI

Ni nyumba zipi kijijini kwetu wanamolala wazee peke yao? Nani atazikagua pamoja nao kabla ya mvua? Pangeni siku.

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Kagua nyumba yako au ya jirani. Andika katika daftari lako: tarehe, mahali ulipotazama, ulichoona, na fungu lake. Weka alama kwenye ufa mmoja na uandike tarehe. Utuletee habari zake baada ya mwezi mmoja.

MANENO YA KUKUMBUKA

timazi: kamba yenye kitu kizito, ya kupimia kama ukuta umesimama wima
mshazari: kwenda upande, si kwa kusimama wala kwa kulala
kuegemeza: kuweka kitu cha kuzuia kingine kisianguke
msaragambo: kazi ya pamoja ya wanakijiji
theluthi: sehemu moja ya kitu kilichogawanywa mara tatu